Barua ya wazi kwa kamati ya soko letu: kabla ya kanga, mtunzieni mzazi kizimba chake

Tanga, mwezi wa Aprili

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina na wajumbe wote wa kamati ya soko letu la samaki,

YAH: SHEREHE YA SIKU YA MAMA NA HALI YA AKINA MAMA SOKONI

Assalaam alaykum. Kwa ndugu zetu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo. Kwa wazee wote, shikamooni.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni binti wa muuza samaki wa kukaanga. Nimekulia chini ya meza ya kizimba, na leo ndimi kijumbe wa mchezo wa Jumamosi wa akina mama wa upande wa karai. Kazi ya kijumbe mnaijua: kushika fedha za watu, kushika daftari, na kutukanwa. Kwa hiyo nitakayoyasema sijayaokota barazani, yamo daftarini.

Barua hii ni ya tatu. Ya kwanza niliileta ofisini kwa mkono wangu baada ya sherehe ya mwaka juzi. Katibu aliipokea kwa tabasamu, akaitia kwenye mtoto wa meza, akaniambia itafanyiwa kazi. Ya pili niliileta mwaka jana ikiwa na mhuri wa kikundi, maana niliambiwa ya kwanza imekwama kwa kukosa mhuri. Alipovuta mtoto wa meza ili aitie na hiyo, nikaiona ya kwanza bado imo, hata mkunjo wake haujafunuliwa. Sina ugomvi na Katibu. Ni mtu muungwana na mama yake namjua. Lakini hii ya tatu nimeona nisiilete ofisini. Naiweka mbele ya watu wote, asome mwenye kusoma, na mtoto wa meza apumzike.

Wiki iliyopita mmetangaza kwa kipaza sauti kwamba Jumapili ya pili ya Mei soko litawaenzi tena akina mama: mchango ni shilingi 15,000 kwa kila mama, kanga ya sare imo humo humo, mgeni rasmi atakuja, na akina mama wajitolee katika maandalizi. Siichukii sherehe. Mtu wa Tanga akiichukia sherehe apimwe homa. Yanayonikera ni haya.

1. Kuhusu nani anamlipia nani

Mwaka jana akina mama 34 wa mchezo wetu walichanga shilingi 15,000 kila mmoja. Hiyo ni shilingi 510,000 kutoka upande wa karai peke yake. Wa vitumbua, wa mboga na wa dagaa sijawahesabu. Aliyechanga alipata doti moja ya kanga, ambayo bei yake dukani sote tunaijua, na sahani ya pilau. Asiyechanga aliambiwa asionekane na kanga ya zamani kwenye maandamano, ataharibu sare.

Na Mei ni mwezi gani kwetu? Masika imeshika, kusi imeanza kuvuma, ngalawa nyingi ziko juu mchangani zinazibwa, na samaki mnadani hakamatiki kwa bei. Mama anayekaanga vibua vya shilingi 40,000 akirudi nyumbani na faida ya 5,000 mwezi huo anashukuru Mungu. Ndio mwezi mnaompelekea daftari la mchango wa kumheshimu yeye mwenyewe.

Kisha kuna pilau. Walioamka saa tisa usiku kuipika pilau ya Siku ya Mama ni akina mama. Waliochambua mchele usiku uliotangulia ni wao, waliotwanga tangawizi na vitunguu saumu ni wao, makumbi ya kuwashia moto waliyabeba wao. Mgeni rasmi alitarajiwa saa nne, akafika saa nane. Aliposimama alisema pepo iko chini ya nyayo za mama, tukapiga makofi. Nyayo zenyewe wakati huo zilikuwa nyuma ya jukwaa, zimechuchumaa, zinakwangua ukoko. Safu ya kwanza ya viti ilikuwa ya wajumbe, ya pili ya wageni wa wajumbe. Mama yangu alisikiliza sifa zake akiwa amesimama, beseni mkononi.

(Na muziki, jamani. Mji uliotoa Black Star na Lucky Star, makundi ya taarabu yaliyosikika pwani nzima, sisi tulipigiwa singeli kwa spika moja inayokoroma. Hili si dai rasmi. Nimelisema tu liniondoke moyoni.)

Najua jibu lenu: wapishi wa kukodi ni ghali, na akina mama walijitolea wenyewe. Walijitolea kwa sababu tangazo lilisema "akina mama wajitolee". Safari hii tangazeni akina baba wajitolee, tuone moshi utatokea upande gani.

2. Kuhusu jina

Vyeti vya Mama Bora vilikuwa vitano. Mshereheshaji alipoita "Mama Asha!" walisimama watatu. Wakatazamana, wakacheka. Mshereheshaji akasema, "Huyo wa samaki," wakabaki wawili. "Wa kizimba cha kona." Akabaki mama yangu. Cheti hicho kimeandikwa Mama Asha, kimetiwa nailoni, kimetundikwa sebuleni kwetu Ngamiani pembeni ya picha ya Kaaba, na kila mgeni anaonyeshwa.

Asha ni mimi. Mama alikuwa na jina lake miaka 20 kabla sijazaliwa. Nilipokuja mimi, likafunikwa na langu. Sina kinyongo na desturi yetu ya kumwita mtu kwa mtoto wake. Ni adabu, na mama mwenyewe akiitwa jina lake kavu kavu na kijana wa bodaboda huwa anamwangalia mpaka kijana anajirekebisha. Lakini ya barazani ni ya barazani, na ya kwenye karatasi ni ya kwenye karatasi. Mtu unampa cheti cha kumtukuza, halafu hukumuuliza anaitwa nani?

Mji huu ukitaka kukumbuka unakumbuka. Mtoto wa shule wa hapa anajua kwamba mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kwamba katika miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida ni 62 tu iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Miche 62! Mtu alikaa akaihesabu mmoja mmoja, akaiandika, na mpaka leo tunaisoma. Kamati yetu ina wanawake 34 wa karai, wengine wako hapo tangu soko likiwa la makuti, na orodha ya majina yao haina.

Au tuseme inayo, lakini ya majina mengine. Mwaka jana nilibahatika kuliona daftari la vizimba lilipokuwa wazi mezani kwa Mweka Hazina. Katika vizimba 34 vya upande wetu, 21 vimeandikwa kwa jina la mwanamume: mume, kaka, mjomba, na kimoja kwa jina la mume aliyekwisha kumwacha mkewe na kuhamia Muheza. Wakati wa kugawa mlitaka "mkuu wa kaya", na mkuu wa kaya akaja siku hiyo moja, akatia saini, hajaonekana tena. Anayelipa ushuru kila siku ni mwanamke. Anayeungua mafuta ni mwanamke. Stakabadhi inatoka kwa jina la bwana.

Hapa ndipo jina linapoacha kuwa mambo ya cheti. Mama mmoja wa kwetu alifiwa na mumewe. Alikuwa kwenye kizimba hicho miaka 19. Alipotoka eda, akamkuta shemeji yake amesimama kizimbani na karatasi mkononi, karatasi yenyewe ni yenu, imeandikwa jina la marehemu. Kamati ikasema haya ni mambo ya familia, wakayamalize nyumbani. Nyumbani hayakuisha. Leo mama huyo anauza mihogo ya kukaanga nje ya uzio, kwenye jua, na tukimpa zamu yake ya mchezo analia kwa sababu amepunguza hisa kutoka mbili hadi nusu.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika, kufua, kulea, ni mchango katika mali iliyochumwa na wanandoa, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Najua shauri lile lilikuwa la talaka, si la urithi wala la kizimba. Najua pia kwamba Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu, kwa sababu nyingine zilizokuwamo katika shauri lake. Ninachosema ni hiki: ikiwa majaji waliweza kuiona kazi ya mwanamke iliyofanyika ndani, nyuma ya pazia, ambayo hakuna aliyeitolea stakabadhi, ninyi mnashindwaje kuiona inayofanyika sokoni hadharani, mbele ya ofisi yenu, kwa miaka 19, na stakabadhi mmezikata wenyewe?

3. Kuhusu mzazi na siku 14

Hili ndilo lililonikalisha kuandika. Hayo ya juu ningeweza kuyameza.

Kanuni ya soko iliyobandikwa mlangoni inasema kizimba kikikaa siku 14 bila mwenyewe kufanya biashara, kamati inaweza kumgawia mwingine. Kanuni haiulizi mwenyewe yuko wapi. Awe amekwenda kutembea Mombasa, awe mahabusu, awe wodini anajifungua, zote ni siku 14.

Mwaka jana mdogo wetu mmoja wa upande wa karai alijifungua kwa upasuaji. Alikuwa akihesabu kwa vidole tangu akiwa kitandani. Waliomwona hospitali wanasema alipouliza tarehe, wauguzi walidhani anataka kujua siku ya kliniki. Siku ya 12 alirudi kizimbani. Kitovu cha mtoto kilikuwa kimeanguka juzi yake. Alikuja kwa bajaji, kwa kuwa baiskeli yake asingeweza kuipanda, tumbo amelifunga kibwebwe, na mtoto akamlaza chini ya meza ndani ya beseni la kuoshea samaki. Chini alimtandikia kanga. Kanga yenyewe ilikuwa ile yenu ya sare. Niliinama nikasoma jina lake: MAMA NI NGUZO YA. Maneno yaliyobaki yalikuwa chini ya mtoto.

Karai lilikuwa juu ya vifuu, moshi unakwenda kila upande, na yeye anageuza vibua kwa mkono mmoja, mwingine ameushikiza kwenye mshono. Wateja wakawa wanamwambia hongera. Ilikuwa Jumamosi, nilikuwa nimekuja kukusanya za mchezo. Kwake sikukusanya.

Sisi wa pwani hatuna wa kutufundisha kumtunza mzazi. Mzazi kwetu hukaa ndani siku arobaini. Anakandwa kwa maji ya moto, ananyweshwa uji wa pilipili manga, anachemshiwa supu, ndoo haishiki. Bibi zetu hawakusoma popote, ila waliona wanaoinuka mapema wanavyokuja kuanguka. Na sheria nayo ipo. Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa anayejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja, na akirudi kazini anapewa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Muuza samaki hana mwajiri, kwa hiyo herufi za sheria hiyo hazimfikii. Lakini wekeni hesabu hizi kwenye mstari mmoja muzitazame: ofisini siku 84, kwa bibi siku 40, sokoni kwetu 14.

Nchi hii imehangaika mpaka vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi vikashuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000, katika utafiti wa 2015-16, hadi 104 katika ule wa 2022. Wakunga na madaktari wamefanya yao mpaka kwenye geti la hospitali. Kutoka kwenye geti mpaka kwenye karai tumeachiwa sisi, na sisi tumebandika kanuni mlangoni.

Mtasema kanuni iliwekwa kwa ajili ya wanaohodhi vizimba na kuvipangisha kinyemela. Ni kweli watu hao wapo, nanyi mnawajua kwa majina, tena hao kwa majina kamili. Wapigeni nayo wao.

Mtasema kizimba kikikaa kitupu soko linakosa ushuru. Tumelikalia jambo hili Jumamosi tatu. Ushuru ni shilingi 500 kwa siku. Kwa siku 84 ni shilingi 42,000. Mchezo wetu umekubali kumlipia kila mzazi fedha hiyo kutoka mfuko wa shida na raha. Kamati haitapoteza hata senti. Tunachotaka kwenu ni kalamu tu.

Mtasema pia wataanza kudanganya. Mwanamke atakayeweza kudanganya mimba ya miezi tisa mbele ya wanawake wengine 33 wa upande wa karai, huyo mpeni kizimba na cheti juu yake.

4. Kuhusu choo

Choo cha soko kinafungwa saa kumi na mbili jioni. Biashara ya samaki wa kukaanga inaanza saa kumi na kwenda mpaka saa nne usiku. Kukitumia ni shilingi 200, na maji ya kunawa ni ya ndoo ya jirani. Sitafafanua zaidi, kila mwanamke anayesoma ameshaelewa, na kila mwanamume mwenye mama anaweza kukisia.

5. Kuhusu mikutano

Kila tunapouliza kwa nini hatukushirikishwa, tunaambiwa akina mama hawana mwamko, hawaji mikutanoni. Mikutano inaitishwa Jumanne saa kumi jioni. Saa hiyo mafuta yameshachemka. Atakayekuja mkutanoni ataacha karai kwa nani?

Mwaka 1955 TANU ilipotaka wanachama wanawake, Bibi Titi Mohamed hakukaa ofisini akisubiri wenye mwamko. Aliwafuata kwenye vikundi vyao vya ngoma, walipokuwa wameshakusanyika kwa shughuli zao, na kadi zikauzwa humo. Sisi tunakusanyika kila Jumamosi saa tatu asubuhi chini ya mkungu, hatua hamsini kutoka mlango wa ofisi yenu. Chai ipo.

Sasa niseme machache juu ya majibu ambayo nimekwisha kuyasikia, ili tusipotezeane muda.

La kwanza ni kwamba akina mama tayari wana mikopo yao ya halmashauri. Ni kweli, asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa, 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, haina riba, na baada ya kusimamishwa mwaka 2023 ilirejea mwaka uliofuata. Ni jambo jema na wapo wenzetu waliofaidika nalo. Lakini mkopo unarudishwa. Hamuwezi kutuambia tukope ili tujenge choo cha soko ambalo ushuru wake tunalipa. Na aliyenyang'anywa kizimba anaombea mkopo biashara ipi?

La pili ni kwamba Siku ya Mama inafanywa hivi dunia nzima: sare, zawadi, picha. Aliyeianzisha siku hii kule Marekani, Anna Jarvis, alifanya ibada ya kumkumbuka mama yake mwaka 1908, akahangaika mpaka Rais Woodrow Wilson akaitangaza rasmi mwaka 1914. Hakuwa na mtoto. Halafu wauza maua na kadi walipoivamia, akatumia maisha yake yaliyobaki kuipiga vita siku aliyoianzisha mwenyewe, mpaka akafa mwaka 1948. Kwa hiyo mkitaka kumfuata mwenyewe wa jambo, na yeye alikuwa upande wetu.

La tatu huwa halisemwi kwa sauti, ila tunalisikia: huyu binti amesoma kidogo, sasa anawatia maneno wakubwa zake, mbona wenyewe hawajalalamika? Wamelalamika. Wanalalamika kila siku wakigeuza samaki. Hamjawahi kuwasikia kwa sababu mkifika kununua huwa wanawachagulia kipande kikubwa na kuwaambia "karibu baba".

Tunaomba haya, na tunayaomba kabla ya Jumapili ya pili ya Mei.

Kanuni ya siku 14 iongezwe mstari mmoja: mzazi kizimba chake kinatunzwa siku 84, na siku 100 akijifungua mapacha, kwa ushuru utakaolipwa na kikundi chake au mtu wake. Tumeshauandika mstari wenyewe kwa lugha ya kanuni, umeambatanishwa; mkipenda nukuuni kama ulivyo.

Daftari la vizimba liandikwe upya, kila kizimba kwa jina la anayekifanyia biashara, jina lake yeye kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mume au kaka akitaka jina lake liwepo, naye aje akae kwenye moshi wiki moja, tutamhesabia. Na yule mama wa mihogo suala lake lifunguliwe tena, safari hii na yeye akiwamo chumbani.

Choo kifunguliwe mpaka saa nne usiku na kiwe na maji yake.

Mkutano wa mwezi uhamishiwe Jumamosi asubuhi.

Na sherehe, mchango uwe wa hiari kwa akina mama na wa lazima kwa kamati. Tusigeuziane.

Yasipofanyika, hatutagoma wala hatutaandamana. Sisi ni watu wa biashara na samaki hasubiri. Ila mjue kwamba upande wa karai hautachanga mwaka huu, na usiku wa kuamkia sherehe kila mtu atalala kwake mpaka alfajiri. Tutakuja saa nne kama mgeni rasmi anavyotarajiwa. Tutakuja tumeoga, tumevaa kanga zetu wenyewe, kila mmoja na jina analolipenda, na tutakaa kwenye viti. Safu ya kwanza.

Yule mdogo wetu hajambo sasa, na mtoto ana meno mawili. Ana mimba nyingine ya miezi mitatu, ameniambia jana, hakuniambia kwa furaha. Hesabu yake inaangukia Oktoba. Kamati ikikutana hata mara moja tu kwa mwezi, muda upo.

Mama yangu hajui kama nimeandika. Akisomewa najua atanigombeza, na swali lake la kwanza litakuwa kama niliwaamkia wazee kabla ya kuanza kusema. Nimewaamkia, juu kabisa.

Ni mimi katika kazi,

Asha
Kijumbe, mchezo wa Jumamosi, upande wa karai

Nakala: Ubao wa matangazo wa soko.

Tanbihi kwa Katibu: Jina la mama yangu sikuliandika humu, nimefanya makusudi. Mkitaka kurekebisha kile cheti, yeye yuko kizimba cha kona kila siku kuanzia saa tisa alasiri. Aje mjumbe mmoja amuulize.